Mwano wa Kambi ya Dubai

Sehemu ya Saba

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usijali, nakukumbusha.

Mimi ni Noela, muuguzi wa Shinyanga mjini. Bosi wangu, mratibu wa chanjo, aligongwa na bodaboda akavunjika mguu, nami nikakaimishwa kiti chake wiki ile ile kipindupindu kilipoingia Kambi ya Dubai, machimbo ya dhahabu nje kidogo ya Mwakitolyo. Usidanganywe na jina. Dubai ile ni mahema ya turubai, vumbi, na choo kinachosimama kwa huruma ya Mungu.

Nikapanga chanjo ya dharura. Nikachora ramani, nikaibandika ukutani, wakubwa wakanipigia makofi. Vituo viwili, shuleni na zahanati. Hakuja mtu. Mchimbaji akitoka kwenye zamu hapati mgawo wake wa mawe, na mimi kwenye ramani yangu sikukumbuka kuuliza habari za zamu.

Basi nikahamishia kituo mwaloni, pale wanapooshea dhahabu. Nikakomba wahudumu wote wa zahanati nikawapeleka huko. Asubuhi hiyo hiyo ikaingia habari ya rashi: dhahabu imetoka juu juu porini, ng'ambo ya Katoro, inaokotwa kama karanga. Kambi nzima ikaanza kung'oa mahema. Fuso zikaja kupakia watu.

Unaijua Katoro? Soko lile, watu wale, maji yale ya kununua kwenye madumu. Ugonjwa ukishushwa pale na Fuso, wa kuuokota hayupo.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana. Nilikuwa nimemshika mkono Mzee Jilala, mtemi wa sungusungu, namwambia, "Babu, wazuie. Piga mwano!"

Mzee Jilala alinitazama sana.

"Mwano haupigwi na mtemi, mjukuu wangu," alisema. "Anaupiga mwenye shida. Mwenye shida ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Basi piga. Lakini unaujua?"

"Naujua, babu. Mimi si Msukuma?"

Msomaji, nilikuwa naujua nusu. Mimi ni Msukuma wa mjini, wa kwenda kwa bibi wakati wa likizo. Huko niliusikia mara moja, ng'ombe wa jirani walipoibwa. Yowe linatoka mji huu, linadakwa na mji ule, wanaume wanatoka mbio na fimbo na mishale. Asiyetoka anatengwa, hata moto wa kuwashia jiko haombi kwa mtu. Nilichokumbuka ni kwamba mwano unaleta watu. Watu wakishafika kinafuata nini, sikuwahi kuuliza.

Nikapanda juu ya tuta la kifusi. Nikaweka kiganja mdomoni, nikapiga.

Sauti iliyotoka sikuijua. Ikadakwa kule kwenye mahema, ikadakwa kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, ikaenda mpaka vichakani ambako wengine walikuwa wameenda kujisaidia. Karasha za kusagia mawe zikazimwa moja baada ya nyingine. Watu wakatoka ardhini weupe kwa vumbi, fimbo mkononi. Hata waliokuwa juu ya Fuso wakaruka chini, maana mwenye haraka ya dhahabu naye anaogopa kutengwa.

Njia ya gari ya kutokea Dubai ni moja tu. Pande nyingine zote ni mashimo yaliyoachwa wazi. Kamanda Masalu, mkubwa wa vijana wa sungusungu, akavuta kamba kukatiza njia ile, akapanga vijana wake. Fuso zikabaki zinaunguruma nyuma ya kamba.

Nilitaka kucheka kwa raha. Wiki nzima nilikuwa nazunguka na kipaza sauti juu ya gari, napata watoto tu.

"Umeona?" nilimwambia Onesmo, tabibu wa zahanati. "Watu hao!"

Onesmo hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa amenikunjia uso. Aliniomba tumwache mhudumu mmoja zahanati, hata mfagizi, nikamjibu kwamba nahitaji kila mkono. Alifunga mlango, akapanda gari, hakunisemesha tena mpaka tukafika.

"Nimewaona," alijibu. "Umeona na fimbo zao?"

*

Kamanda Masalu alikuja mpaka chini ya tuta langu. Ni mwanaume mrefu, wa maneno machache, na ana tabia ya kuuliza swali huku anatazama pembeni.

"Nani kapiga?"

"Mimi."

"Mwizi ni nani?"

"Hakuna mwizi, kamanda. Ni kipindupindu. Nawaomba mnywe chanjo kabla hamjaondoka. Ni kichupa kidogo tu, ukimeza umemaliza."

Halafu Ndaki, dereva wa Fuso ya mbele, akapiga kofi mapajani.

"Jamani! Yaani mimi nimeshushiwa abiria wangu kwa ajili ya matone?"

Wakaanza kuguna. Mmoja akasema dawa ile ni ya kuwalegeza ili mwekezaji aje ayachukue maduara wakiwa wamelala. Mwingine akasema alishasikia hivyo hivyo. Mduara ukasogea. Nilikuwa nimewaita mwenyewe, wote, na kila mmoja ana fimbo.

"Mama," Masalu alisema, akitazama pembeni, "mwano wa uongo una adhabu yake. Na mtemi aliyeuruhusu anavuliwa utemi leo leo."

Mzee Jilala akapanda tuta polepole, akasimama ubavuni kwangu.

"Nani kasema ni wa uongo?" aliuliza. "Mimi nimezika mjukuu. Masalu, wewe umezika shemeji. Wewe dereva unayepiga mapaja, turubai lililofunika maiti ya juzi lilikuwa la gari lako. Mnataka shida ya namna gani ndiyo mtu apige mwano?"

Ndaki akajifanya anatazama tairi.

"Njia imefungwa," mzee aliendelea. "Kila mtu atakunywa, atapakwa wino kidoleni. Tukimaliza, mwenye mwano atauzima. Na sheria mnaijua wote: aliyeupiga ndiye anayeuzima, na njia ikifunguka, imefunguka kwa wote. Hapiti mmoja akaachwa mwingine."

"Wabeja, babu, wabeja sana," nilimshukuru haraka haraka. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta glavu zangu. Yale maneno ya mwisho niliyasikia kama unavyosikia tangazo la redio ya jirani.

*

Foleni ikanyooka. Wahudumu wangu wakafungua maboksi ya baridi. Kazi ikashika kasi ambayo sikuwahi kuiona hata kwenye mazoezi.

Kanuni yetu ni hii: hutoi kichupa ukageuka. Unampa mtu, unamtazama usoni mpaka ameze, ndipo unampaka wino kwenye kidole kidogo. Wino ndio ushahidi. Ukiona kidole chenye wino, unajua tumbo lake limepata.

Nikiwa napaka vidole vile, nilimkumbuka mume wangu, Mayala, Baba Kamili. Ana duara lake pale pale Dubai, anachimba na wenzake. Juzi alinipigia simu kwamba ametangulia Katoro kuchungulia rashi, ilipokuwa bado uvumi tu. Tulikuwa tumenuniana, maana sikupenda aondoke kipindi kile, lakini nilifarijika kwa jambo moja. Mume wangu alishakunywa. Wiki ya uzinduzi aliniletea picha kwenye simu, kidole chake chenye wino, chini ameandika "Tayari, bosi." Niliionyesha ofisi nzima.

Kamanda Masalu akanijia tena. Alikuwa ameshakunywa, wino bado mbichi.

"Mama, mwano una msako," alisema. "Hatuwezi kunywa dawa hapa halafu mle ndani ya mahema kuna mtu anatapika amefichwa. Itakuwa tunafanya nini sasa?"

Nikaona huyu mtu ana akili kuliko nilivyomdhania. Kutafuta wagonjwa hema kwa hema kulikuwemo kwenye mpango wangu tangu siku ya kwanza. Nilikosa watu wa kuifanya kazi hiyo.

"Sawa kabisa, kamanda. Sakeni. Mkimkuta mgonjwa mleteni hapa, asiachwe hata mmoja."

Mungu anisamehe, nilimshukuru kwa mikono miwili.

Masalu akapaza sauti. "Mwenye mgonjwa amtoe mwenyewe! Tukimkuta sisi, aliyemficha tunamtenga pamoja naye!"

Katikati ya foleni mwanamke mmoja akaanza kutetemeka. Namjua, ni Violeth, mama ntilie wa pale kambini, anauza wali na maharage karibu na karasha. Akatoka kwenye mstari huku anajifuta mikono kwenye kitenge, mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Kuna mtu stoo ya karasha ya mwisho," alisema. "Nampelekea uji. Aliniapisha nisiseme."

"Nani?" Masalu akauliza.

Violeth hakumtazama Masalu. Alinitazama mimi.

"Dada Noela, nisamehe."

Vijana walishaondoka mbio. Nilibaki na kalamu ya wino mkononi, naye aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni amenyoosha kidole anasubiri. Nikampaka. Nikampaka na wa nyuma yake. Akili yangu ilikataa kwenda kule vijana walikokwenda.

Walimleta juu ya mlango wa bati.

Nilitambua fulana kabla ya uso. Ni fulana ya kampeni yetu, ya bluu, kifuani imeandikwa "Kunywa, Jikinge". Nilimpa mwenyewe. Ndani ya fulana ile alikuwemo mtu aliyekauka, macho yamezama, midomo imepasuka, na harufu ambayo muuguzi haihitaji kuelezwa.

"Baba Kamili?"

Akafumba macho.

Msomaji, nitakueleza ukweli wote, hata wa aibu. Kitu cha kwanza kilichonipanda hakikuwa huruma. Nilimgeukia Violeth.

"Uji? Uji gani unampelekea mume wangu?"

"Wa mchele, dada. Na chumvi."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Kila akinywa anatapika. Nilimwambia nikuite, akasema ukijua utaacha kazi."

Wivu ukaniisha pale pale, ukaniachia kitu kizito zaidi. Tangu juzi. Siku ile aliponipigia kwamba yuko Katoro, alikuwa amelala kwenye stoo, hatua chache kutoka ninapopitisha gari langu la matangazo. Bila shaka alinisikia nikipita.

*

Nilipiga magoti. Nikafinya ngozi ya mkono wake, ikabaki imesimama. Nikauinua mkono kutafuta mapigo, na hapo ndipo Ndaki alipokiona kile nilichosahau.

"Tazameni kidole!" akapiga kelele. "Ana wino! Huyu amekunywa, na ndiyo huyo anakufa!"

Foleni ikavunjika. Aliyekuwa na kichupa mdomoni akakitema. Waliokunywa wakaanza kujifuta vidole kwenye suruali, wengine wakaenda pembeni kujitapisha.

"Mume wa mwenye dawa!"

"Dawa imemuua mumewe!"

"Nilisema mimi! Nilisema!"

Fuso zikapigwa resi. Kamba ya Masalu ikaanza kuvutwa na watu wa upande wa ndani. Vijana wakainua fimbo.

Nikaona pa kutokea hakuna. Nikisema alikunywa, chanjo yangu ni takataka mbele ya kambi nzima. Nikisema hakunywa, basi hata nyumbani kwangu haiaminiki, na kidole chake kinanisuta. Katikati yake kulikuwa na mume wangu anayekauka, na mimi nawaza foleni.

"Baba Kamili," nilimwambia sikioni. "Ulikunywa?"

Akageuza uso upande.

"Mayala! Ulikunywa au hukunywa?"

"Nilijipaka," alisema.

"Sema wasikie."

"Nilijipaka mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, lakini waliokuwa karibu waliisikia, wakawapasia wa nyuma. "Sikunywa. Mganga wa duara alikataza. Alisema dawa ya mtu mwingine ikiingia tumboni kabla hatujafika kwenye mwamba, mawe yote yanageuka mchanga. Wenzangu walishakula kiapo. Mimi ningekuwa nani nikinywa?"

Kelele zikapungua. Niliona wanaume wakitazamana. Maduara ya pale yana waganga wake na masharti yake, na wengi walikuwa wanayabeba masharti kama hayo hayo matumboni mwao.

Nikasimama.

"Sikilizeni," nilisema. "Asubuhi ya uzinduzi gari la ofisi lilikuwa linanipigia honi. Nilimwachia huyu kichupa mezani, nikamwachia na kalamu ya wino, nikaondoka. Sikumtazama akimeza. Kila mtu hapa leo nimemtazama usoni mpaka ameze, ila mume wangu nilimwamini. Hakunywa. Ndiyo maana mnamwona hivi. Anayetaka kuwa kama yeye avute kamba aende zake Katoro."

Nilidhani nitapigwa. Mzee Jilala alikuwa amechimbia fimbo yake ardhini.

Mchimbaji mmoja, yule yule aliyetema kichupa, akarudi mbele. Alimtazama Mayala pale kwenye bati kwa muda mrefu.

"Nipe kingine," alisema. "Kile nimekimwaga."

Nikampa. Akameza, akafungua mdomo niuone. Nyuma yake akaja mwingine. Foleni ikaanza kujishona upya, safari hii bila utani, kila mtu anapita pembeni ya lile bati na kulitazama kabla hajafika mezani. Mayala alikuwa ameifanyia kazi yangu jambo ambalo fulana zangu zote hazikulifanya. Ningetoa chochote ili asilifanye.

*

Onesmo alikuwa amechanganya maji ya chumvi na sukari ya pakiti, anamnywesha kwa kijiko. Kila kilichoingia kilirudi.

"Dada Noela, hayakai," alisema. "Huyu anahitaji dripu. Sasa hivi, si baadaye."

"Tunazo?"

"Tunazo nyingi. Ziko stoo ya zahanati."

"Nani yuko zahanati?"

Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaniwekea kiganjani.

Nikashika simu. Nikaipiga namba ya zahanati, maana mtu ukichanganyikiwa unapiga tu. Ikaita. Ikaita ndani ya koti la Onesmo, aliyesimama mbele yangu. Tukatazamana ikiita mpaka ikakata.

Nikapiga Shinyanga, kwa dereva wa gari la wagonjwa.

"Nakuja, dada, nakuja," alisema. "Ndiyo kwanza niko hapa sheli, naambiwa mafuta yanakuja."

Nikamrudishia Onesmo ufunguo. "Chukua gari letu. Kimbia."

Alikimbia. Alifika kwenye gari, akaliwasha, akafika kwenye kamba. Fimbo mbili zikapishana mbele ya kioo chake. Na hapo hapo Ndaki akaingiza gia, pua ya Fuso yake ikagusa bampa la Onesmo.

"Akipita yeye napita mimi!" alipiga kelele. Watu wa Fuso za nyuma wakaitikia. Hao ndio walikuwa hawajanywa, wamepanda tena na kujazana kwenye magari kusubiri njia ifunguke.

Nilimkimbilia Masalu. Nilimshika shati.

"Kamanda, mmoja tu. Ni tabibu. Anafuata dripu, anarudi."

Kwa mara ya kwanza siku ile Masalu alinitazama machoni.

"Mama, naona. Mimi si jiwe. Lakini nikimtoa mmoja, hawa siwashiki. Vijana wangu wako wachache, hawa ni kambi nzima. Wanachoogopa si fimbo zangu. Wanaogopa mwano. Nikiuvunja mimi mwenyewe, wataogopa nini tena?"

"Basi nifanye nini?"

"Uzime. Ni wako."

Nikageuka kumtafuta Mzee Jilala. Alikuwa ameshafika nyuma yangu.

"Babu, nisaidie."

"Nilikuuliza kama unaujua," alisema, na hakusema kwa ubaya. "Mjukuu wangu, ukiuzima sasa, njia ni yako, mpeleke mumeo. Hawa nao wataenda, na walichobeba watakwenda nacho. Hakuna atakayekulaumu. Mume ni mume. Ukiuacha, tutamaliza foleni, halafu utauzima. Mimi siwezi kukuchagulia."

Nikatazama foleni. Ilikuwa inaanzia mezani kwetu mwaloni, inazunguka banda la karasha, mwisho wake siuoni. Wahudumu walikuwa wanafanya kazi bila kuinua vichwa. Zaidi ya hapo kulikuwa na wale wa kwenye Fuso, ambao wangeshushwa kwa nguvu ya mwano tu, au wasishuke kabisa. Nikahesabu kichwani muda wa kwenda zahanati na kurudi, nikahesabu muda wa dereva anayesubiri mafuta, nikajaribu kuuhesabu mwili wa Mayala. Nimewaona wengi waliofikia hali ile. Wengine walisubiri wakapona. Wengine walifia mikononi mwangu nikitafuta mshipa.

Nilirudi nikapiga magoti kwenye bati. Nikachukua kijiko, nikamnywesha mwenyewe. Akameza kidogo. Macho yake yakanitafuta.

"Kamili yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko shule. Mzima. Alikunywa, nilimtazama akimeza."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akashika upindo wa kanga yangu niliyojifunga kiunoni, akaukunja kwenye ngumi yake kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni.

"Mama Kamili, nimesikia wanachosema," alisema. "Uzime. Fungua njia. Nakufa, mke wangu."

Nampenda yule mwanaume. Nalisema hapa gazetini ili mtu asije akaniuliza barabarani. Nampenda na uongo wake, na kidole chake cha wino, na kununa kwake. Nilitaka kulia lakini nilijua nikianza sitaongea tena.

"Mjukuu wangu," Mzee Jilala aliita kutoka juu ya tuta. "Watu wanasubiri neno lako."

Injini za Fuso zilikuwa zinaunguruma. Onesmo alikuwa ameshuka kwenye gari, ameshika ufunguo juu ili niuone. Foleni nzima ilikuwa imegeuza shingo.

Nikasimama, naye ameng'ang'ania upindo wangu, kanga ikanyooka kati yetu.

"Njia ibaki imefungwa," nilisema. "Wa kwenye Fuso washushwe wanywe."

Kanga ikalegea. Nilitazama chini nikaona ngumi yake imefunguka, vidole vimelala juu ya bati, kile chenye wino juu ya vingine. Sikujua ameniachia kwa hasira au nguvu zimemwisha.

Onesmo alikuja mbio, akajitupa magotini, akaushika ule mkono. Aliweka vidole kwenye kifundo kutafuta mapigo. Akavihamisha. Akainama, akatafuta shingoni.